Sinia Moja na Sahani ya Peke Yake

Uingiapo hotelini mjini Garissa, Kenya, baada ya sala ya adhuhuri, hukosi kuiona ile tambi ya Kitaliana, ambayo Wasomali huiita baasto, imerundikwa siniani chini ya nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu kando yake. Waitalia, waliozikodi bandari za Banadiri, pwani ya Somalia, kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1892 na kuzinunua mwaka 1905, kisha wakakabidhiwa Jubaland na Waingereza mwaka 1925, walikuja na tambi hiyo pamoja na uma wake na sahani ya kila mtu. Msomali akaipokea tambi, sahani akaiacha, akala kwa mkono pamoja na wenziwe. (Ndizi nayo ina historia chungu, kwani mashamba ya Kitaliana ya kando ya mito ya Shebelle na Juba yalilimwa na watu walioshurutishwa, nami siimenyi bila ya kuwakumbuka.)

Juzi tulikuwa watu sita, tumekwisha nawa, mara mmoja wetu akaomba sahani yake mbali, nami moyoni nikaingiwa na karaha, kana kwamba ameukana udugu wetu. Tangu hapo najiuliza: baraka imo katika sinia, au imo katika nyoyo za walizungukao?

Sahani ya peke yake ina uadilifu, kwa kuwa kila mlaji hulijua fungu lake. Lakini sinia hudai ihsani, ambayo ni daraja ya juu zaidi, maana pasipo kipimo ni adabu tu iuzuiayo mkono. Kijana Umar bin Abi Salama, ambaye mkono wake ulikuwa ukitangatanga siniani, alifunzwa na Mtume (s.a.w.) ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake, na wazee wa Garissa huzidisha juu ya hayo, kwani mzee huichambua minofu iliyo upande wake akaisukuma kwa jirani, naye akabaki na mfupa.

Hata hivyo Sura ya an-Nur, katika aya ya 61, humtaja kipofu, na kiwete, na mgonjwa, ndipo ikawaondolea lawama walao pamoja na walao mbalimbali. Aya hiyo nimeisoma miaka mingi bila ya kujiuliza kwa nini mgonjwa ametangulia kutajwa.

Sahibu yetu ana kisukari, na tabibu amempimia chakula chake. Sahani ilipoletwa aliisogeza hata ikagusana na ukingo wa sinia, akaitwaa ndizi aliyowekewa, akaimenya, akamega vipande vitano, akatuwekea kila mmoja mbele yake.