Hamsini ya Faru

Kwenye dirisha la chumba changu hapa Dodoma palikuwa na kopo la kahawa lililojaa hamsini. Sikuzikusanya kwa mapenzi. Duka la dawa hunirudishia chenji ya hamsini, lakini nikimpa konda wa daladala anazitazama kana kwamba nimempa kokoto, na mwenye duka jirani na chuo huniambia, "Hizi kaa nazo tu." Yeye akiwa na deni la hamsini kwangu, hunipa pipi. Kwa hiyo mwaka mzima hamsini ziliingia chumbani kwangu na hazikutoka.

Usiku mmoja, nilipochoka kusoma, nilizimwaga mezani. Ni sarafu ya pembe saba, yenye rangi ya dhahabu iliyofifia. Upande mmoja kuna Mzee Ali Hassan Mwinyi, upande wa pili faru na mtoto wake. Nyingine zimeandikwa 1996, nyingine 2012, nyingine 2015. Mzee Mwinyi aliondoka Ikulu mwaka 1995, na akafariki tarehe 29 Februari 2024. Sarafu yenye sura yake bado ni pesa halali. Nikajiuliza: kama tumeweka sura ya mtu kwenye sarafu ili kumuenzi, je, ni heshima kuiacha hapo wakati watu wanaikataa mkononi? Si afadhali istaafishwe?

Jibu langu la kwanza lilikuwa ndiyo. Kumuenzi mtu ni kumweka mahali panapostahili. Pale Nyerere Square, katikati ya mji, sanamu ya Mwalimu imesimama juu, na hakuna mpita njia anayeambiwa abaki nayo kwa sababu haina kazi. Mzee Mwinyi kwenye hamsini anaokotwa stendi na hainamiwi na mtu. Na kuna uchungu wa historia pia. Alipoingia madarakani mwaka 1985, dola moja ilikuwa chini ya shilingi 20. Alipotoka ilikuwa imepita 500. Hakuiharibu shilingi peke yake. Alirithi nchi yenye foleni za sukari na sabuni, iliyotoka kwenye vita vya Kagera. Lakini hamsini kuwa sarafu ndogo ni matokeo ya kuporomoka huko. Kumwacha juu yake ni kama kumkabidhi mtu deni la nyumba nzima alibebe usoni.

Tena sisi tumezoea kupoteza sarafu. Benki Kuu ilipoanza mwaka 1966, shilingi moja ilikuwa na sura ya Mwalimu, na nyuma yake mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Mwenge huo ulibaki kwenye shilingi hata wakati wa Mwinyi. Mimi sijawahi kununua kitu kwa shilingi ile. Hakuna hotuba ninayoijua iliyoiaga. Ilifika siku haikuwa na cha kununua, watu wakaitupa kwenye makopo kama langu. Wakenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya 2010 inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na mwaka 2018 wakazindua sarafu zenye wanyama. Walitamka wanachokiondoa, wakakiondoa.

Basi nikaamua: Mzee aagwe kwa heshima na hamsini ifutwe. Nikaanza kuandika insha hiyo, na ingekuwa fupi kuliko hii.

Wikendi iliyofuata nilikwenda Mvumi kumwona bibi. Huwa anauza karanga za kukaanga kwenye kibaraza, anazipima kwa kikombe kidogo cha kahawa na kuzifunga kwenye karatasi. Nilibeba lile kopo.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea takataka za mjini."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu lete."

Alizimwaga juu ya kanga, akazipanga kumi kumi bila kuongea. Zilikuwa themanini na sita.

"Elfu nne na mia tatu," alisema. "Hii ndiyo takataka?"

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Nikamweleza insha yangu, kwamba mjini hazipokelewi, na kwamba kumdhalilisha Mzee Mwinyi namna ile si vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wakati huo alikuja mtoto wa jirani na hamsini moja. Bibi akamjazia kikombe nusu, akafunga, akapokea.

"Mkiifuta," akaniuliza, "huyu nitamuuzia nini? Nimwambie akatafute mia?"

Sikuwa na jibu, na bado silo jepesi. Najua hoja ya gharama: sarafu inaweza kufika mahali kuitengeneza kukawa ghali kuliko thamani yake. Kanada iliacha kutengeneza senti moja mwaka 2012, na anayelipa taslimu jumla yake husogezwa juu au chini, ili hasara ya leo ifidiwe na nafuu ya kesho. Hilo linafaa kwa anayenunua kapu zima la vitu. Lakini hamsini ya yule mtoto haina pa kushukia. Chini yake ni bure, juu yake ni mia ambayo hana.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nikipima heshima ya sura iliyochorwa, wala sikupima heshima ya mkono ulioishika. Na nilisema hamsini inakataliwa na "watu", kumbe inakataliwa na sisi ambao haituumizi. Tunaistaafisha kidogo kidogo, kwa pipi na kwa "kaa nazo", bila tangazo na bila dirisha la kubadilishia. Benki Kuu ilipoondoa noti za zamani, ilitangaza, ikaweka tarehe, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na aliyebeba noti katika muda huo alipewa thamani yake. Konda hajanipa hata siku moja.

Kwa hiyo sasa nasema hivi. Sura ya Mzee Mwinyi inaweza kuhamia kwingine, na faru pia. Hilo halimwibii mtu. Siku ya kuifuta hamsini yenyewe ifike pale ambapo mtu kama bibi hana tena bei ya hamsini, na ifike kwa tangazo na muda wa kutosha mpaka Mvumi. Kabla ya hapo, kuikataa dukani ni kumpokonya mtu pesa yake, hata kama ni ndogo.

Jumatatu nilirudi Dodoma na hamsini nne mfukoni. Bibi alinirudishia akisema za nauli. Nilimpa konda. Akazitazama, akanitazama.

"Ni mia mbili," nilimwambia. "Hesabu."

Alihesabu, akazitia mfukoni, akagonga bati dereva aondoe gari.