Kengele Iliyolia Nje

Nyumba yetu ya Kijichi, huku Temeke, ilikaa miaka mingi bila kengele. Mgeni alisimama getini akapiga hodi, nasi tuliokuwa ndani tukaitikia karibu. Asiposikika alirudia, na hata kama baada ya hodi ya tatu alikwenda zake, hakuondoka na kinyongo, kwani adabu hiyo ya hodi tatu inajulikana mtaani kwetu kwa Waislamu na Wakristo. Labda wenyeji wamelala, labda wako shamba. Hodi ilimwachia mwenye nyumba nafasi ya kutosikia.

Mwaka jana mwanangu aliyeko Muscat alituletea kengele ya kisasa yenye kamera. Ukiibonyeza, picha yako hutokea katika simu yangu, hata niwe Kariakoo. Yeye mwenyewe, akiwa huko Oman, huweza kumwona muuza mchicha wetu. Muuza mchicha hakuulizwa kama anapenda, lakini hilo nitaliacha kwa siku nyingine.

Baada ya miezi michache simu ikanyamaza. Programu iliandika kwamba kengele haipo mtandaoni. Nikasoma, nikairudisha simu mezani. Nakiri, mpenzi msomaji, kwamba niliufurahia ule ukimya. Kila jioni nilisema nitaitazama kesho, na majuma matatu yakapita.

Mjukuu wangu alipokuja likizo, kazi ilimchukua nusu saa. Tulikuwa tumebadilisha ruta, na neno la siri jipya kengele haikulijua. Tena ruta hii hurusha mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, kwa jina moja. Kengele yetu hupokea yale ya 2.4 tu, ambayo hayana kasi sana lakini hupenya kuta vizuri zaidi. Akayatenganisha majina, akaiondoa ruta chumbani kwangu, nyuma ya kuta mbili za matofali, akaiweka sebuleni karibu na dirisha. Kisha akasema neno lililoniondolea raha: "Babu, siku zote hizo mtu akibonyeza, taa ilikuwa inawaka na kengele inalia kama kawaida. Ila inalia hapo hapo nje."

Siku chache baadaye nilikutana kituo cha daladala na mwalimu mwenzangu wa zamani. Salamu yake ilikuwa fupi. Nilipomdadisi akasema, "Nilikuja kwako, Mwalimu Mkuu. Nikabonyeza mara tatu. Taa ikawaka, nikajua unanitazama."

Mkewe alikuwa amelazwa, naye alikuja kunikopa fedha ya vipimo. Aliporudi nyumbani aliuza cherehani ya mkewe kwa bei ya kutupa.

Nilimweleza habari za ruta na mawimbi. Alinisikiliza kwa heshima, kama tulivyokuwa tukiwasikiliza wanafunzi waliochelewa.

Chuoni nilipenda kuwauliza walimu watarajiwa kama asiyejua ana kosa. Wengi walijibu kuwa hana, nami nikawapa alama nzuri. Leo ningeongeza swali: na yule aliyejua nusu, akaacha nusu ya pili kwa sababu kutojua kulimpendeza? Ni kweli sikujua nani alisimama getini. Lakini nilijua kwamba yupo atakayesimama. Geti tupu haliahidi kitu. Aliyetundika kengele ameahidi kuitika. Na aliyeweka kamera ameahidi zaidi, maana mbele ya jicho lile ukimya wangu haudhaniwi tena kuwa usingizi.

Wapo wanaoniambia kosa ni la chombo. Siafiki. Chombo kiliniarifu ubovu wake kwa maandishi, nami nimefundisha kusoma maisha yangu yote.

Mama yule amepona, ashukuriwe Mungu. Juzi nilikwenda Mbagala Rangi Tatu kwa fundi aliyeinunua ile cherehani, nikiwa na fedha mfukoni. Alikwisha kuiuza, na hakumbuki kwa nani.