Mkono Kwenye Breki



Umewahi kumtazama kijana wa baiskeli akishuka mlima na magunia ya mkaa? Mkono haubanduki kwenye breki. Anashuka taratibu. Anashuka salama. Sasa fikiria aiachie ghafla, katikati ya mteremko.

Vidonge kama atenololi na propranololi ni breki ya moyo. Moyo uliokuwa ukienda mbio unapunguza mwendo, na presha inashuka. Unajisikia mzima. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: nimepona, dawa ya nini tena? Unaacha. Lakini mwili umeshaizoea breki. Ukiiachia ghafla, moyo unaweza kukimbia, presha ikapanda, kifua kikabana. Wengine hupata hata shambulio la moyo. Kama dawa inakuchosha, kama inakupa kizunguzungu ukiinuka, mwambie daktari. Breki hii huachiwa, ndiyo, lakini kidogo kidogo, naye akikuangalia.

Na usimgawie jirani dawa hii, hata kwa huruma. Mwenye pumu inaweza kumbana pumzi. Mwenye kisukari inaweza kumfichia yale mapigo ya moyo yanayomwonya kwamba sukari imeshuka. Basi jasho la ghafla asilidharau.

Mama yangu, baba yangu, kabla hujatoka asubuhi hii, fungua pakiti yako. Hesabu. Vidonge vilivyobaki vitakufikisha siku ya kliniki?