Kwa Wanangu Mnaotaka Roboti ya Kulinda Kundi

Wanangu, nasikia mnataka kuweka roboti kwenye kundi la mtaa huko Telegram, maana matangazo ya mikopo ya uongo na linki za kamari yamezidi. Sawa. Ila kaeni kitako kwanza.

Kuiunda si kazi. Mnamwendea BotFather mlemle ndani ya Telegram, mnaandika /newbot, mnaipa jina, mnapewa tokeni: tarakimu, nukta mbili, kisha mfuatano mrefu wa herufi. Anayeishika tokeni hiyo ndiye bwana wa roboti. Haulizwi nywila nyingine. Basi usiiandike ndani ya programu ukaipandisha GitHub ili wenzako wakuone hodari.

Na seva, nani analipa? Wengi mnaanzia kwenye laptopu ya chumbani. Umeme ukikatika, roboti imelala, na ujumbe ambao haijauchukua Telegram huutunza kwa saa 24 tu. Pangeni seva ndogo, programu ijiwashe yenyewe ikizimika, na bili isomwe mbele ya wanakundi wote. Mkishahamia huko, zimeni ile ya laptopu. Nakala mbili zikigombea ujumbe kwa tokeni moja, mtarudishiwa kosa 409 mkeshe mkitafuta mchawi.

Ninapotaka mnisikilize hasa ni kwenye maneno. Mmoja wenu atasema tuorodheshe matusi, roboti ifute yote. Haya, mmeweka "mbwa". Asubuhi mwenyekiti anaandika: "Ndugu wote mnaombwa kufika msibani saa saba." Umefutwa! Chungulieni ndani ya "mnaombwa", mtamkuta mbwa kajilaza. Mkiiamuru itazame neno zima tu, atakayeumia ni anayeuliza chanjo ya mbwa wake inapatikana wapi, na mtukanaji ataandika "mbw@" apite. Isitoshe, kwa watu wa kwetu tusi la nini? Anayetaka kukuumiza anakurushia kijembe, na kijembe hakina hata neno moja chafu. Roboti itakisoma na kukipitisha, huku mtaa mzima umeshajua aliyesemwa ni nani.

Kwa hiyo ipeni kazi zisizohitaji busara: kufuta linki za mtu aliyeingia leo, kumtaka mgeni abonyeze kitufe kabla ya kuandika, kumnyamazisha anayemwaga ujumbe mfululizo. Kumnyamazisha, nimesema, si kumfukuza. Saa moja inatosha. Angalieni hesabu zenu lakini, kwani muda ulio chini ya sekunde 30 au unaozidi siku 366 Telegram huuhesabu kuwa ni wa milele. Kufukuza kubaki kwa wasimamizi, watu wenye majina, wanaoweza kuulizwa sababu wakikutana nawe dukani.

Kuna jambo vijana hulipita haraka. Kwa kawaida roboti haisomi mazungumzo yote ya kundi. Mkiipa usimamizi, inasoma kila kitu. Watangazieni wanakundi kabla ya siku hiyo, na msihifadhi ujumbe wao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata ingekuwa haipo, mama yenu mdogo aliyeomba msaada wa dawa mle ndani hakukuandikieni nyinyi na seva yenu.

Na siku tokeni itakapovuja, msiitishe kikao. Rudini kwa BotFather, andikeni /revoke, ile ya zamani inakufa palepale. Kikao kitafuata baadaye.