Kufunga kwa Amri ya Kalenda

Mtu akifunga kwa sababu kalenda imemwambia afunge, je, amefunga yeye, au imefunga kalenda? Swali hili laweza kuonekana kama mchezo wa maneno, lakini linamgusa kila mtu aliyepata kujinyima chakula kwa sababu siku yake imefika. Tumeona vema kulitazama kwa njia ya Watamil, watu wa kusini mwa India na wa kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka, kwa kuwa Wahindu wa kabila hilo wamezipanga sikukuu na siku zao za kufunga kwa uangalifu mkubwa tangu zamani.

Kwanza yatupasa kutofautisha. Wahindu wengi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam asili yao ni Gujarat, na Diwali tunayoifahamu katika miji yetu ni ya desturi yao. Watamil huiita Deepavali, na kwao jambo kubwa ni alfajiri, wakati watu wa nyumba wanapojipaka mafuta na kuoga kabla jua halijachomoza; na mara nyingi huwa ni siku moja kabla ya taa za Wagujarati. Mwaka wa Watamil huanza na mwezi wa Chittirai, katikati ya Aprili, na miezi yao 12 hulifuata jua. Ndiyo sababu Pongal, sikukuu ya mavuno, wakati mchele mpya unapochemshwa kwa maziwa na sukari guru mpaka chungu kifurike, huangukia Januari 14 au 15 kila mwaka. Lakini siku nyingi za kufunga huufuata mwezi wa angani, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu.

Safari moja ya mwezi, tangu kuandama mpaka kuandama tena, hugawanywa katika sehemu 30, na kila sehemu huitwa tithi. Ya 11 tangu mwezi kuandama, na ya 11 tangu mwezi mpevu, huitwa ekadasi. Siku hiyo wamchao Vishnu hujizuia na wali na nafaka, na wengine hawaonji kitu mpaka kesho yake. Ya 13, wakati wa magharibi, ni ya Shiva. Ya nne baada ya mwezi mpevu, wamchao Ganesha hukaa bila kula mpaka mwezi uonekane usiku. Siku ya giza, mwezi usipoonekana kabisa, ni ya kuwakumbuka wazee waliofariki. Zaidi ya hizo, katika mwezi wa Purattasi, Septemba hadi Oktoba, nyumba nyingi haziingizi nyama jikoni, hasa siku za Jumamosi. Baada ya Deepavali wamchao Murugan hufunga siku sita, na siku ya sita umati mkubwa hukusanyika ufukweni Tiruchendur kuangalia jinsi alivyomshinda adui yake.

Sasa tithi moja yaweza kuwa na urefu wa saa 19 hivi au 26 hivi, nayo yaweza kuanza saa yoyote, mchana au usiku. Mkulima hawezi kuijua kwa kutazama juu tu. Hutegemea panchangamu, yaani almanaki ya vitu vitano, ambavyo kimojawapo ni hiyo tithi. Lakini almanaki zenyewe ni za namna mbili. Ya Vakya hufuata hesabu za kale zilizohifadhiwa kwa maneno ya kukariri. Ya Tirukanita husahihishwa kwa vipimo vya elimu ya nyota. Mara nyingine zinahitilafiana kwa saa kadhaa, na hapo nyumba moja hufunga leo, na jirani yake kesho. Mwaka 1952 serikali ya India iliunda kamati ya kutengeneza kalenda, chini ya mwanasayansi Meghnad Saha. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 1955, na kalenda ya taifa ikaanza kutumika Machi 22, 1957. Hata hivyo mahekalu na majumba ya watu yaliendelea kufungua almanaki zao.

Hapa ndipo swali letu linapopata nguvu. Kama thamani ya mfungo imo katika saa ile ya mbinguni, basi mmoja wa majirani wale wawili ameona njaa bure. Wote wawili walikusudia jambo moja, wote walijinyima, wote walitii walichofundishwa. Lakini mmoja wao amekosa yote kwa sababu ya makosa ya hesabu ambayo hakuyafanya yeye. Sisi tunaona vigumu kulikubali neno hilo. Wala halimhusu Mtamil peke yake, maana hata Pasaka hupangwa kwa kuufuata mwezi, na Waorthodoksi mara nyingi huiadhimisha siku tofauti na yetu. Nani atasema kwamba mmoja wetu amefunga bure?

Lakini yupo atakayejibu, "Ikiwa siku yenyewe si kitu, basi kila mtu na afunge apendapo." La hasha. Afungaye apendapo hufunga wakati ambapo haimgharimu kitu. Hatachagua siku ya arusi ya binamu yake, wala siku jirani alipochinja mbuzi. Tarehe ya kalenda haituulizi kama leo tuna nafasi, na kwa kutotuuliza inatufundisha kwamba sisi si mabwana wa kila kitu. Tena inatufungisha pamoja: mwenye duka na mchukuzi wake, mzee na kijana, wote kwa siku moja. Kalenda basi ni kama kengele. Kengele huwakusanya watu, nayo ina kazi kubwa; lakini haiwezi kusali badala yao.

Hatari ni kuridhika na kengele. Zipo siku ambazo desturi ya Watamil hukataza wali wa usiku, na badala yake huliwa idli au dosai, ambavyo hutengenezwa kwa mchele uleule, uliosagwa na kuchachushwa. Mtu aweza kushiba kuliko jana, na asiwe amevunja sheria yoyote. Watamil wenyewe hawakukosa kuiona hatari hiyo. Katika mwezi wa Margazhi, Desemba hadi Januari, huimbwa alfajiri beti 30 za Tiruppavai, alizozitunga Andal, mshairi mwanamke wa kale. Mfungo unaotajwa humo si wa kuacha samli na maziwa tu; ni pia wa kuacha kusengenya, na wa kutoa sadaka.

Na hapo tunafika penye kiini cha jambo. Njaa ya afungaye ina mlango. Mtu wa ekadasi anajua kwamba kesho asubuhi atafungua kwa majani ya agathi na chakula kilichopikwa vizuri. Njaa ya kibarua aliyekosa kazi haina mlango, wala haikuandikwa katika almanaki yoyote. Tumbo linauma sawasawa. Tofauti ni kwamba mmoja amechagua, na mwingine hakuulizwa. Mwenye kuchagua akisahau tofauti hiyo, mfungo wake umekuwa fahari ya mtu mwenye akiba. Tusimsahau pia mama wa nyumba, ambaye mara nyingi amefunga yeye na bado anasimama jikoni kuwapikia wasiofunga.

Tirukkural, kitabu cha kale cha Watamil chenye beti 1,330, kinauweka uwezo wa kuvumilia njaa chini ya uwezo wa kuiondoa njaa ya mwingine. Ramalinga Swamigal, aliyezaliwa mwaka 1823, hakuliacha neno hilo kitabuni. Mwaka 1867 alifungua nyumba ya kulishia maskini huko Vadalur, akawasha moto jikoni, na tangu hapo wenye njaa wamelishwa pale bila kuulizwa dini wala ukoo. Na katika sikukuu ya mwezi wa Thai, inayotangazwa na kalenda ileile, maelfu huenda Vadalur. Pale siku iliyoandikwa na chungu cha maskini vimekutana mahali pamoja.

Basi, ndugu wasomaji, tusiidharau tarehe, maana bila hiyo wengi wetu tusingefunga kamwe. Lakini tarehe huweza kutupa siku tu. Kinachofanyika ndani yake ni kazi yetu. Kila siku ya kufunga inapotufikia, na tuulizane nyumbani kabla jua halijatua: kile chakula ambacho hatukula leo, kimekwenda kwa nani?