Kazi ya Mbali na Mwenzi wa Karibu

Kazi yaweza kufanywa na mtu mmoja, lakini wenzi huhitaji wawili. Tangu mwaka 2009, nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilipofika pwani ya Mombasa, karani aweza kuketi chumbani mwake katika Mji wa Kale akatunza hesabu za kampuni iliyo Nairobi au London, wala asivuke kizingiti. Huu ni wepesi mkubwa. Mama mwenye mtoto mchanga hunufaika nao. Kadhalika mtu asiyeweza kupanda ngazi, na mkazi wa Likoni aliyechoka kungoja kivuko alfajiri. Mwenye insafu hataubeza. Swali letu, msomaji, ni hili: je, watu wafanyao kazi moja bila ya kuonana ni wenzi, au ni majina tu katika orodha moja?

Wazee wa Mombasa waliijua kazi ya mbali kabla ya nyaya. Mfanya biashara wa kisiwani aliweza kuwa na mshirika Maskati au Bombay, na maagizo yakaenda kwa barua. Lakini upepo wa kaskazi ulileta majahazi kila mwaka, na wageni walikaa bandarini mpaka kusi iwarudishe kwao. Katika miezi hiyo watu walikula pamoja na kujuliana hali. Barua ilichukua bei; uaminifu ulingoja uso.

Tazama pia Januari 1947. Maelfu ya wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wa mahoteli, waligoma wakidai mishahara bora. Walikutana katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Mchukuzi wa gatini na mpishi wa hoteli hawakuwa na bwana mmoja. Lakini mahali kama pale ndipo mtu hung'amua kuwa shida aliyoidhani ni yake peke yake ni ya wengi. Aliyejifungia chumbani huijua dhiki yake, haijui ya jirani; na asiyejua dhiki ya mwenzake hawezi kumtetea.

Mwaka 2020 ulitupa mtihani mwingine. Machi, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, serikali iliwataka watu wafanyie kazi nyumbani. Na Mei, watu walizuiliwa kuingia au kutoka Mji wa Kale. Wenye kazi za kalamu waliweza kuendelea: hesabu zilifungwa na barua zilijibiwa. Lakini baraza za mawe, ambapo watu huketi jioni kwa kahawa chungu na kashata, hazikupata badala.

Sababu si ngumu. Mazungumzo ya waya huitwa na haja, na haja ikiisha hukatika. Baraza haingoji haja. Hapo mtu huuliza habari za mgonjwa wako bila ya kuombwa, na huona uchovu uliokusudia kuuficha. Hata mwanagenzi wa seremala hujifunza mengi kwa kuutazama mkono wa fundi wake kuliko kwa kuusikia ulimi wake.

Utasema kwamba wako watu waliokaa chumba kimoja miaka 10 na hawapendani. Ni kweli. Kuwa karibu hakuzai udugu kwa lazima, kama vile mvua haipandi mbegu. Lakini mbegu isiyopata mvua haioti. Ukaribu huleta nafasi. Nia njema huitumia.

Basi, kijana, yamkini utaajiriwa siku moja na watu usiopata kuwapa mkono. Ipokee kazi hiyo kwa shukrani, uitimize kwa uaminifu, lakini usidhani kwamba kumaliza kazi ni kumaliza wajibu. Tafuta siku ya kukutana na wenzako, ingawa kwa nauli yako. Mpigie mmoja simu wakati huna unalolitaka kwake. Na ukiwa mwajiri, usihesabu kodi ya ofisi uliyoiokoa kuwa faida tupu; uliza pia ni nini kimepotea ambacho daftari haliandiki. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nao mkono wa mbali haumwinui aliyeanguka. Kwanza sharti mtu amwone kuwa ameanguka.