Mwili wa Mfanyakazi ni wa Nani?

Mwajiri anapotoa mshahara, ananunua nini? Wengi watajibu upesi kwamba ananunua kazi. Lakini kazi haitengani na mwili. Aliyeichukua kazi yangu amechukua pia mgongo wangu, macho yangu na miguu yangu kwa saa nane. Hapo linazuka swali la haki: je, mwajiri anadaiwa nini na mwili anaoutumia?

Wazee wetu wa Buhaya hawakusumbuliwa na swali hili. Mtu aliyepalilia kibanja, akateka maji bondeni na kujitwika mkungu wa ndizi hadi sokoni hakuhitaji kuhimizwa afanye mazoezi. Leo karani wa Bukoba mjini hupanda bodaboda hadi mlangoni, huketi mpaka jioni, na chai huletewa mezani. Mwenzake wa Muleba ni hivyo hivyo, ingawa vilima vimemzunguka.

Madhara ya kuketi si hadithi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Basi lilikuwa moja. Mmoja aliketi, mwingine alitembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Zigawanye kwa siku tano za kazi: ni dakika 30 tu kwa siku.

Viongozi wetu wamekwisha kulisemea jambo hili. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Ni jambo jema. Hata hivyo, kwa wengi Jumamosi ni siku ya kibanja, ya msiba, ya watoto. Kiti kinachomdhuru karani ni cha Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa nini deni la ofisi lilipwe kwa siku ya mapumziko yake?

Lakini kuna hatari nyingine. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, tuliamriwa sote kukimbia kila Ijumaa jioni, huku mkuu wetu akitupita kwa gari. Mama mfagizi, aliyekuwa ametembea kwa miguu tangu alfajiri na kuinama mchana kutwa, alikimbia nasi kwa kuogopa jina lake kuandikwa. Kwake yale hayakuwa mazoezi, bali kazi ya pili isiyo na malipo. Mwili wake ulidai kiti.

Kwa hiyo kuhimiza si kuamrisha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi akiwa kazini. Basi dakika hizo zitoke ndani ya saa za kazi, na mkuu atangulie, kwani muungwana ni vitendo. Tena kila mtu apewe kile mwili wake ulichonyimwa: aliyeketi asimame, aliyesimama aketi. Mshahara hulipa kazi. Haununui uzima wa mtu.